Shofere na konvuayere: kazi ya munganga Jerry Morris juu ya kutembeza mwili

Munganga akituambia « tembeza mwili », wengi wetu tunawaza ni shauri la watu wenye pesa na muda wa kufanya futing. Lakini shauri hilo lilipata nguvu kutokea kwa wafanyakazi wa kawaida wa bisi.

Jerry Morris alizaliwa mwaka wa 1910 huko Liverpool, Uingereza, na akakomalia Glasgow. Alikuwa munganga na mutafiti wa afya ya watu wote, si ya mugonjwa mumoja. Nyuma ya vita ya pili ya dunia, ugonjwa wa moyo ulikuwa unaua watu wengi katika inchi yake, na sababu haikujulikana vizuri. Kuanzia mwaka wa 1949, yeye na wenzake walifuata afya ya wanaume karibu 31.000 wanaofanya kazi katika bisi na tramu za London.

Bisi zile zilikuwa za gorofa mbili. Shofere anaikaa kwenye kiti karibu kazi yote. Konvuayere, yule anayepokea pesa ya safari, anapanda na kushuka ngazi karibu 600 kwa siku. Gari ni moja, muji ni mumoja, na maisha yao yanafanana. Matokeo yalitoka mwaka wa 1953 katika gazeti la waganga The Lancet: makonvuayere walipatwa na ugonjwa wa moyo kidogo kuliko mashofere, na wakiupata, uliwaua kidogo kuliko wenzao.

Wengine wakauliza: pengine mashofere walikuwa wanene tangu kuingia kazini? Morris akapima hata suruali za kazi. Kweli, za mashofere zilikuwa pana zaidi. Lakini baadaye ilionekana kama, hata kati ya watu wa unene sawa, konvuayere alikuwa na hatari kidogo. Tena wale wanaogawa barua kwa miguu na kwa kinga walikuwa na afya ya moyo nzuri kuliko wenzao wa biro.

Na hapa kwetu? Mama anayebeba muzigo na kijana wa chukudu wanatembeza mwili tayari. Wao wanahitaji pumziko na chakula. Mwenye kuwaza ni motari, muuzaji anayeshinda kwenye kiti, mutu wa biro. Moto inakimbia, lakini motari mwenyewe ameikaa.

Shirika la Afya Duniani (OMS) linaomba mukubwa atembeze mwili angalau dakika 150 kwa juma. Ni nusu saa, siku tano, na kutembea kwa haraka kunatosha. Lakini kama unasikia kifua kinauma ao pumzi inakata, upite kwanza kwenye kituo cha afya.

Morris alifariki mwaka wa 2009, akiwa na miaka 99.