Jiwe la njano la kunolea wembe

Katika kitabu chetu hiki wengi wamekwisha kuandika juu ya ngoma, ndoa na kilio. Mimi naleta kitu kidogo kinachoingia ndani ya mfuko wa koti: jiwe la kunolea wembe. Wazee wa hapa Bukavu watanielewa mara moja. Vijana wanaonyolewa kwa mashine ya umeme ao kwa kijembe cha kutupa, wanivumilie kidogo.

Wembe ninaousema ni ule wa kukunja, unaolala ndani ya mpini wake wa pembe. Hatukufundishwa kunyoa na Mzungu. Wahunzi wetu walifua nyembe tangu zamani, na hata leo nyembe za makabila mengi ya Kongo zinatunzwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, kule Ubelgiji. Siku ya kuondosha kilio, watu wa marehemu walinyolewa nywele, na kinyozi alikuwa na jiwe lake, mara nyingi jiwe laini la mtoni. Kilichokuja wakati wa ukoloni ni wembe wa Solingen huko Ujerumani, ao wa Sheffield huko Uingereza. Chuma chake kigumu na chembamba hakikukubali jiwe lolote lile. Kilidai jiwe lenye adabu.

Mjomba wangu, kinyozi ku soko la Kadutu (kwafere, kama tunavyosema), alikuwa na jiwe la namna hiyo. Alilipata kwa Mbelgiji mmoja wa mashamba aliyefunga mizigo yake baada ya 1960. Juu lilikuwa la njano, chini jeusi, na urefu wake haukupita kiganja. Sisi watoto tulikatazwa kuligusa.

Jiwe hilo linaitwa kotikule. Jina lake linatoka katika Kilatini, coticula, maana yake jiwe dogo la kunolea. Linachimbwa katika milima ya Ardennes, upande wa Vielsalm, Salmchâteau na Lierneux. Matabaka yake ni membamba, mara nyingi sentimita chache tu katikati ya mawe ya buluu, ndiyo maana mafundi huligandisha juu ya bamba la jiwe lingine lisivunjike. Kazi hiyo ilidumu kwa vizazi vingi, ikalala karibu na 1980 wakati nyembe za kunoa zilipokosa wanunuzi, halafu ikaamshwa tena miaka ya 1990. Salmchâteau kuna jumba la makumbusho ya jiwe hilo, ndani ya kiwanda cha zamani. Nimejiuliza mara nyingi kama sisi tumetengea hata kabati moja mawe ya vinyozi wetu.

Ndani ya jiwe mna punje za granati, ndogo mno, zenye manganezi, madini yale yale ambayo ndugu zetu wa Katanga waliyachimba kule Kisenge. Granati ni ngumu kushinda chuma cha wembe. Lakini kila punje ina nyuso nyingi na inakaribia mviringo, haina ncha ndefu ya kuchimba. Inapangusa chuma, haikikwaruzi sana. Hiyo njo siri yote.

Mjomba hakuwa na habari ya granati. Alitia maji matone machache, hakutia mafuta hata siku moja. Alisugua juu kwa kipande kidogo cha jiwe lile lile mpaka maji yakawa kama maziwa. Halafu alilaza wembe chali kabisa, mgongo na makali vyote viwili vikigusa jiwe, akausukuma makali yakitangulia, akivuta kwa mshazari ili makali yote yapite, kwa sababu jiwe lilikuwa jembamba kuliko urefu wa wembe. Mwisho wa jiwe aliugeuza kwa kuuviringisha juu ya mgongo, kamwe si juu ya makali. Mkono haukuhitaji kutafuta mwinamo: mgongo wa wembe unaushika wenyewe, na kadiri makali yanavyoliwa, mgongo nao unaliwa. Akiendelea aliongeza maji, maziwa yakapungua, mlio ukawa laini. Mwisho ni mkanda wa ngozi, na huko mgongo ndio unatangulia. Ukikosea hapo, unakata mkanda.

Kijembe cha kutupa kilianza kuuzwa Marekani na Gillette mwaka 1903, na vita ya kwanza ya dunia ikakisambaza, maana majeshi ya Marekani yaligawia askari wake mamilioni. Lakini ku Kadutu si hicho kilichomshinda mjomba. Kilichomshinda ni mimi.

Mwaka 1993 nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Habari za Sida zilikuwa zimeenea. Tangu 1983 madaktari walikuwa wanachunguza wagonjwa wa ugonjwa huo katika hospitali Mama Yemo ya Kinshasa, na shuleni tulifundishwa kuogopa damu na wembe wa watu wengi. Mafundisho yalikuwa ya kweli. Jiwe linanoa tu, halioshi damu. Mimi, kwa kiburi cha kijana aliyesoma, nikasimama mbele ya wateja wake nikasema: «Mjomba, lazima upitishe wembe ndani ya moto.» Kuanzia siku ile hakuna mteja aliyekubali kukaa bila kuona moto wa alkoli.

Baada ya miezi michache makali yaligeuka rangi, kahawia, halafu buluu. Alinoa asubuhi, saa nne wembe ulikuwa unang'oa ndevu. Wateja wakapungua. Mwisho akaufunga ndani ya kitambaa pamoja na jiwe, akaanza kuuza sabuni.

Nilielewa ku ISP tu, siku mwenzangu wa fizika aliponieleza kwamba chuma kilichokazwa kikipita joto la digrii 200 hivi kinaanza kulegea, na makali membamba yanafika huko kwa nukta chache. Kuchemsha ndani ya maji dakika 20 kungetosha, maana maji hayapiti digrii 100. Ingehitajika kuwa na nyembe tatu ao ine za kupokezana, na mpini wa pembe ungeumia, lakini chuma kingepona. Nikaenda kwa mjomba kumwomba msamaha. Akaniangalia.

«Nilijua,» akasema. «Muhunzi yeyote anajua. Lakini batu balitaka kuona moto, na wewe njo uliwaambia.»

Hatukuongea tena siku ile. Jumapili iliyofuata aliniita. Moto ulikuwa umeharibu ukingo tu, kwa ndani chuma kilikuwa bado kizima. Tulikula ukingo ule juu ya jiwe kali, yeye akisukuma, mimi nikimwaga maji, Jumapili sita mfululizo, mpaka rangi ya buluu ikaisha. Halafu akatoa jiwe la njano na kunipa mimi. Mara ya kwanza niliinua mgongo, akanipiga kidole.

Wembe ule sasa ni mwembamba kuliko zamani, karibu milimita mbili zimekwenda. Mjomba amekwisha kufariki. Ninaunyolea ndevu zangu mwenyewe tu, na jiwe liko juu ya kabati, ndani ya kitambaa chake.