Manowari Yamato na Hukumu Yetu

Mimi na rafiki yangu tulikesha siku kadhaa tukitazama tamthilia mbili za katuni za zamani kutoka Japani. Space Battleship Yamato (1974), yenye sehemu 26, inaifufua manowari iliyozamishwa na ndege za Marekani tarehe 7 Aprili 1945 na kuirusha angani ikaiokoe dunia. Nilihukumu kwamba huko ni kuota ushindi baada ya kushindwa. Nikaisifu Mobile Suit Gundam (1979): Garma wa upande wa adui auawapo, baba yake humlilia. Rafiki yangu akanikosoa: hata katika Yamato, shujaa Kodai hulia mbele ya magofu ya taifa waliloliangamiza. Nikakiri. Tukakubaliana kipimo kimoja: simulizi ya vita ifaayo watoto sharti iwahesabu wafu wa pande zote mbili.