Kalamu za Dar, Ardhi ya Kilombero

Anayetaka kujua kampuni kubwa za mawakili zilivyopata jina nchini kwetu kwa kawaida huanzia Dar es Salaam, Upanga au Masaki. Mimi nimeanzia Kibaoni, Ifakara. Mikataba inayozipa kampuni hizo hadhi hutiwa saini mjini, lakini inazungumzia ardhi, maji na mashamba, na bonde la Kilombero limeandikiwa mikataba ya namna hiyo kwa zaidi ya miaka 60.

Kutoka Kibaoni nilifuata barabara ya kaskazini: Kiberege, Mang'ula, Sanje, milima ya Udzungwa ikiwa mkono wa kushoto, mpaka miwa ikatanda pande zote. Huku Kidatu ndiko IFC, tawi la Benki ya Dunia linalofadhili sekta binafsi, lilikoweka fedha zake za mwanzo barani Afrika mwaka 1960, katika Kampuni ya Sukari ya Kilombero. Walikuwemo pia CDC, shirika la uwekezaji la Uingereza, na wawekezaji wa Uholanzi. Mkataba wenye wabia wa mataifa hayo yote ulihitaji mawakili wazoefu, na wazoefu wakati huo walikuwa wa ng'ambo, au wa kampuni za walowezi kama zile za Nairobi: Daly & Figgis ya mwaka 1899, Hamilton Harrison & Mathews ya mwaka 1902.

Na upande wa pili wa meza? Kitivo cha sheria cha Dar es Salaam, cha kwanza Afrika Mashariki, kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14. Sukari ya Kilombero ilikwisha kupata mkataba wake kabla nchi haijafundisha mwanasheria hata mmoja kwenye ardhi yake. Sioni jambo jingine linaloeleza vizuri zaidi kwa nini heshima ya uwakili wa biashara kwetu ilianza kama heshima ya mgeni.

Baada ya Azimio la Arusha mashirika ya umma yalihitaji wanasheria wao, na likaundwa Shirika la Sheria Tanzania kuyahudumia. Kipindi hicho kinapitwa haraka katika masimulizi ya mawakili, nami nadhani ni kosa. Vijana wa kitivo kile walianza kuisomea serikali mikataba, kuihoji na kuiandika, bila kusubiri barua kutoka London.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1998 Illovo ya Afrika Kusini na washirika wake walinunua asilimia 75 ya kampuni ya sukari, serikali ikabaki na 25. Mwaka huohuo shirika la umeme, TANESCO, liliipeleka kampuni binafsi ya umeme, IPTL, kwenye baraza la usuluhishi la ICSID, Washington, na kati ya mawakili wa TANESCO alikuwemo Nimrod Mkono. Mkono, aliyefariki Aprili 2023, alionyesha kwamba kampuni iliyoanzishwa na Mtanzania inaweza kusimama kwenye meza hizo. Ubinafsishaji, migodi, simu na benki vilizilea kampuni nyingine, na pamoja nazo ukaja utamaduni ambao kampuni ya mawakili ya Cravath ya New York iliutengeneza karne iliyopita: chukua waliofaulu zaidi chuoni, wafanyishe kazi usiku na mchana, wachache wawe wabia, waliobaki waondoke. Leo vitabu vya London, Chambers na Legal 500, hupanga kampuni zetu kwa madaraja. Siudharau ustadi huo. Kijana wa Kitanzania anayeweza kuuvunja mkataba mbovu kifungu kwa kifungu ni hazina.

Lakini rudi Kibaoni, kisha elekea magharibi, barabara ya Mlimba, hadi Mngeta. Shamba la mpunga la hekta 5,818 lilikuwa mradi wa Tanzania na Korea Kaskazini, KOTACO. Mwaka 2008 likaingia kwenye ubia wa RUBADA, mamlaka ya serikali ya bonde la Rufiji, na wawekezaji wa Agrica, likaitwa KPL. Wakulima wadogo waliokuwa wakilima ndani ya mipaka yake walihamishwa kwa mpango wa fidia, na malalamiko yakafuata. Mwekezaji wa ukubwa huo hatii saini bila wakili. Mkulima yule angemleta wakili wapi? Sheria ya mwaka 2002 ya utatuzi wa migogoro ya ardhi ilimkataza wakili kusimama mbele ya baraza la kata. Mahakama ya mwanzo nayo ilimfungia mlango hadi mwaka 2021. Nia ilikuwa njema, mnyonge asizidiwe na msomi. Matokeo ni kwamba kizazi kizima cha bonde hili kilimjua wakili kama mtu wa upande wa pili.

Hilo ndilo linaloniuma. Jina la kampuni ya mawakili linapimwa kwa thamani ya mkataba na ukubwa wa mteja, wala hakuna daraja linalouliza kama kijiji kilichotoa ardhi kilikuwa na mwanasheria wake siku ya saini. Mimi ningelipima hapo kwanza.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imewapa wanakijiji nguvu ambayo wengi hawaitumii. Ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 haihamishwi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na ikizidi hapo, Waziri lazima azingatie mapendekezo ya mkutano huo. Kwa hiyo wewe unayeketi kwenye mkutano huo, Kiberege au Mngeta, usikubali muhtasari upigwe muhuri siku ileile mgeni alipofika. Dai nakala ya mkataba kwa Kiswahili, dai muda, na dai mwanasheria anayelipwa kwa ajili ya kijiji, si wa mwekezaji. Nanyi mawakili wakubwa wa Dar es Salaam, pandeni basi mje Ifakara kabla ya saini.