Kubadilisha gia: ujuzi wa madereva wa Isiolo na barabara ya kaskazini

Kubadilisha gia ni kitendo cha dereva kutoa gari katika gia moja na kuliingiza katika nyingine kwa mkono na klachi, bila injini kuzima, bila meno kusaga na bila abiria kutikiswa. Makala haya yanaeleza jinsi ujuzi huo unavyofunzwa na kutumiwa Isiolo, mji wa Kenya ulio karibu kilomita 280 kaskazini mwa Nairobi kwenye barabara kuu ya A2 iendayo Moyale. Mji wenyewe uko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Kusini mwake barabara inapanda hadi mashamba ya ngano ya Timau, zaidi ya mita 2,000. Kaskazini mwake inaanza nchi tambarare ya joto, mchanga na laga, yaani mikondo ya mito iliyo mikavu sehemu kubwa ya mwaka. Dereva anayetumia barabara hii hukutana na karibu kila aina ya kazi ya gia kabla hajamaliza tangi moja la dizeli.

Kinachotendeka ndani

Injini haina nguvu sawa katika kila mwendo. Ikizunguka polepole mno hugugumia na kuzima. Ikizunguka kasi mno hupiga kelele na kujiumiza. Giaboksi huiwezesha kubaki katikati huku magurudumu yakienda polepole au upesi. Chukua Land Rover Series III, gari lililozoeleka sana kaskazini mwa Kenya miaka ya 1970 na 1980. Katika gia ya pili, injini yake huzunguka mara 2.2 hivi kwa kila mzunguko mmoja wa shafti inayotoka kwenye giaboksi. Katika gia ya tatu, mara 1.5. Dereva aliye kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika katika gia ya pili akipandisha ya tatu, na gari likabaki katika mwendo uleule, injini lazima ishuke hadi 2,050 hivi. Akirudisha ya pili, lazima ipande tena hadi 3,000.

Ulaini wote wa gia umo katika hesabu hiyo. Klachi ikiachiwa kabla injini haijafika kwenye mizunguko inayotakiwa, tofauti hulipwa na vyuma: sahani ya klachi husuguana na flaiwili, shafti hujikunja, na shingo za abiria hunesa. Anayejifunza hudhani kazi iko mkononi, ndiyo maana hukodolea macho kigingi cha gia na kukisukuma kwa nguvu. Mkono una kazi ndogo kuliko vyote. Mguu wa kulia ndio unaopanga kasi ya injini, wa kushoto ndio unaoamua lini injini na magurudumu vikutane, na sikio ndilo linaloiambia miguu yote miwili wakati umefika.

Magari ya leo humsaidia dereva kwa sinkromeshi: pete ndogo za shaba ndani ya giaboksi zinazosugua gia mbili hadi ziende sawa kabla meno hayajaingiana. Cadillac ya Marekani ndiyo iliyoanza kuuza magari yenye mtambo huo, mwaka 1928. Land Rover ilichelewa. Tangu 1948 hadi mwisho wa Series IIA, gia ya kwanza na ya pili hazikuwa na sinkromeshi kamwe. Gia zote za mbele zilipata pete hizo Series III ilipotoka 1971. Kiwanda cha Leyland Kenya cha Thika, kilichoanzishwa 1974, ndicho kilichounganisha Land Rover nyingi zilizouzwa nchini baada ya hapo. Waliojifunzia yale magari ya zamani hawakuwa na hiari ila kujua dabo klachi. Dereva hukanyaga klachi na kutoa gia hadi fri, huachia klachi, hugusa mafuta kidogo ili injini ipande, hukanyaga klachi tena, kisha huingiza gia ya chini. Asiyegusa mafuta aliambulia mlio wa meno uliosikika hadi ng'ambo ya barabara. Mpaka leo mzee aliyeendesha magari hayo hutambulika akiwa kwenye usukani wa Hilux mpya: mguu wake wa kushoto hukanyaga mara mbili palipotosha mara moja, na gari halitikisiki hata kidogo.

Hatua ya kwanza: klachi

Mwanafunzi hupelekwa kwenye uwanja mtupu pembeni mwa mji. Kazi yake ya kwanza ni kulitoa gari mahali lilipo bila kugusa mafuta kabisa. Huingiza gia ya kwanza, kisha huinua mguu wa kushoto polepole, kisigino kikiwa kimekaa sakafuni. Kuna mahali ambapo sauti ya injini inabadilika na kuwa nzito, boneti inainuka kidogo, na kigingi cha gia kinatetemeka. Hapo ndipo klachi inaposhika. Mguu ukibaki hapo kwa muda mfupi, gari la dizeli litaanza kutambaa lenyewe. Ukiruka hapo, gari litajirusha na kuzima. Zoezi hili hudharauliwa sana, na ni kosa. Anayelirudia hadi mguu wake upajue mahali pa kushika bila kufikiri huwa amemaliza nusu ya kazi, na magari hayafanani: Probox hushika mapema, lori kuukuu hushika pale kanyagio linapokaribia kufika juu.

Kupandisha gia ni rahisi kwa kuwa injini inatakiwa kushuka, na injini iliyoachiwa mafuta hushuka yenyewe. Mtu huachia mafuta, hukanyaga klachi, huvuta gia bila papara, hungoja kidogo, kisha huachia klachi. Ule mngojo mdogo ndio siri. Wengi huharakisha, injini ikiwa bado juu, na gari huruka mbele kama limesukumwa. Kushusha gia ni kinyume chake, kwa sababu injini lazima ipandishwe na haiwezi kujipandisha. Asiyeongeza mafuta kidogo wakati klachi iko chini atayafanya magurudumu yaikokote injini, na abiria wote watainama mbele pamoja. Kwenye barabara yenye matope ya mvua za Novemba, mshtuko huo hutosha kuyafanya magurudumu ya nyuma yateleze.

Kusimama kilimani huja baadaye. Waalimu wa Kenya huita zoezi hilo kubalansi klachi: mwanafunzi hulizuia gari kwa handibreki, huinua klachi hadi ishike, huongeza mafuta kiasi, kisha huiachia handibreki. Mtihani ukishapita, zoezi hili hugeuka kuwa tabia mbaya kwa wengi. Dereva wa matatu anayengoja abiria kwenye mwinuko kwa klachi badala ya breki ataijua harufu yake, ile ya kitu kinachoungua, na siku si nyingi atakuwa kwa fundi akiambiwa sahani imekwisha. Dalili ya kwanza huwa kilimani: injini inalia kwa kasi lakini gari haliongezi mwendo.

Mteremko wa Subuiga

Kutoka Isiolo kwenda kusini barabara inapanda kando ya ardhi ya Lewa hadi njia panda ya Subuiga, ambapo moja inakwenda Meru na nyingine Timau na Nanyuki. Kadiri gari linavyopanda, hewa inakuwa nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake kwenye mita 2,000. Gia ya nne iliyotosha mjini haitoshi tena, na dereva anayengoja injini igugumie ndipo ashushe gia huwa amechelewa, kwa kuwa gari limekwisha kupoteza mwendo na gia ya tatu nayo haitalibeba. Gia hushushwa mapema, injini ikiwa bado na pumzi.

Kuteremka ndiko kwenye hatari. Kanuni ya madereva wa malori ni kwamba gia uliyopandia ndiyo ya kuteremkia. Injini iliyo ndani ya gia ya tatu hulishika gari, na breki hubaki za kukaza pale panapohitajika tu. Hata hivyo kuna dereva anayeweka fri kuanzia Subuiga na kuachia lori liende, akiamini anaokoa mafuta. Haokoi. Pampu ya dizeli hukata mafuta pale gari linapoikokota injini na kanyagio la mafuta limeachiwa. Kwenye fri injini inahitaji mafuta ili isizime. Anachopoteza ni kizuizi. Breki peke yake zikibeba tani kadhaa kwa kilomita nyingi, ngoma hupata moto na kiatu cha breki hakishiki tena. Akitaka kurudisha gia wakati huo, lori liko kwenye kilomita 90 kwa saa na giaboksi inakataa, kwa sababu injini iko kwenye mzunguko wa chini kabisa na magurudumu yanataka kasi yake mara kadhaa. Dabo klachi, ambayo vijana huiona mambo ya wazee, ndiyo njia pekee ya kumpa nafasi ya kuingiza tena.

Upande wa pili wa Mlima Kenya kuna mteremko wa Nithi, kati ya Meru na Chuka. Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru lilitumbukia bondeni hapo na watu zaidi ya 30 wakafa. Darasa lolote la gia katika eneo hili lisilotaja miteremko ya mlima huo limeacha jambo kubwa.

Mchanga na laga

Hadi mwishoni mwa miaka ya 2000 lami iliishia Isiolo. Safari ya Moyale, kilomita 500 hivi, ilikuwa ya siku kadhaa za mawe, vumbi na mawimbi ya barabara, na malori ya mifugo yaliandamana kwa hofu ya majambazi. Kufikia 2017 lami ilikuwa imefika Moyale, na sasa dereva anaweza kukaa gia ya mwisho kutoka Archer's Post kwa saa nzima. Nje ya barabara kuu mambo hayajabadilika.

Kwenye laga, gia huchaguliwa kabla ya kuingia, wala haibadilishwi ndani. Dereva huweka fo-bai-fo na gia ya pili ya chini, hupunguza upepo kwenye matairi, na huingia kwa mwendo wa wastani. Akikanyaga klachi katikati, hata kwa sekunde moja, mchanga hulisimamisha gari. Akiachia, magurudumu huzunguka na kuchimba. Hapa kutobadilisha gia ndiyo ufundi.

Mtihani na otomatiki

Leseni hutolewa na NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 2012. Mtahiniwa kwanza huendesha kigari cha kuchezea juu ya bodi yenye mji mdogo uliochorwa, kisha hupimwa barabarani. Mfumo wa leseni hutenganisha gari dogo la otomatiki na la gia, na anayepimwa kwa otomatiki haruhusiwi kuendesha gari la gia. Magari mengi ya mitumba kutoka Japani ni ya otomatiki, hivyo vijana wa Nairobi wanaochagua njia hiyo wanaongezeka. Kwa anayetafuta kazi ya udereva Isiolo uamuzi huo ni wa hasara: malori ya mifugo, pikapu za miraa na Land Cruiser za mashirika na serikali kwa sehemu kubwa ni za gia, na mwajiri humwambia mwombaji apande gari na kuzunguka nalo kabla hata hajaulizia karatasi zake.