Ping: amri ndogo, foleni ndefu Malaba

Wadau, leo tuiangalie ping. Mike Muuss aliiandika kule Marekani Desemba 1983, jioni moja tu! Mwaka 2005 KRA ilileta mfumo wa Simba, na karatasi za forodha zikaanza kuhamia kwenye tarakilishi. Intaneti yetu wakati huo ilipitia setilaiti, kilomita 36,000 juu: ping ya ng'ambo ilichukua zaidi ya milisekunde 500. Julai 2009 SEACOM ikafika Mombasa, na Uganda isiyo na bahari ikapata nyaya zinazovuka Busia na Malaba.

Mfumo ukikwama, malori hulala barabarani. Basi usikimbilie kuwasha seva upya. Piga ping kwanza. Ikijibu, njia ni nzima, kagua programu. Ikinyamaza, traceroute itakuonyesha majibu yanakoishia.