Neno Akili Mpakani Gisenyi

Neno akili ni miongoni mwa maneno ambayo mwalimu wa Kiswahili hudhani kuwa hayahitaji kufafanuliwa. Sisi twapenda kulitazama kutoka Grande Barrière, kituo cha mpaka kilichopo kando ya Ziwa Kivu, baina ya Gisenyi na Goma, kwani hapo neno hili limekutana na nafsi yake baada ya kusafiri kwa njia mbili.

Asili yake ni Kiarabu, nalo ni la ukoo mmoja na jina la kamba ya kumfungia ngamia mguu. Akili, basi, ndiyo imzuiayo mtu asiende arijojo. Maana hiyo ingalipo pwani: husemwa "akili zimemruka" kana kwamba kamba imekatika, na mwenye kuusia hutakiwa awe na akili timamu.

Njia ya kwanza ilipita Manyema. Wafanyabiashara wa Unguja na Mrima, akiwemo Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, walikieneza Kiswahili Nyangwe na Kasongo katika nusu ya pili ya karne ya 19. Njia ya pili ilikuwa ya Wajerumani na askari wao, waliokitumia katika utawala. Mapatano ya Brussels ya 1910 yakapitisha mpaka katikati.

Lakini neno halikukuta nyumba tupu. Rwanda lilikuta ubwenge, neno libebalo werevu, busara, hata hila, pamoja na kujua la kusema na la kunyamazia. Goma likakaa jirani na mayele ya Kilingala, lugha ya jeshi la Kongo, nayo yaelekea zaidi kwenye ujanja. Hivyo mchuuzi akiambiwa "yule ana akili", yafaa asikilize na sauti: pengine mtu anasifiwa, pengine yeye anaonywa ahesabu chenji mara mbili. (Watu wa pwani wasijivune; wao nao husema "fanya akili", na si kila akili ifanywayo ni halali.)

Tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, na jambo hili limeingia darasani. Mwanafunzi wa Gisenyi akiandika kwamba Bakame, sungura wa hadithi za Kinyarwanda, ana akili, mwalimu aliyefunzwa pwani aweza kulikata neno kwa wino mwekundu na kuandika "mjanja". Sisi hatuoni kosa. Mtoto hakupungukiwa na msamiati. Ana neno moja ambalo kwao halijagawanywa.

Lililo zito zaidi ni "hana akili". Mwalimu huliandika upesi katika ripoti, akikusudia kwamba hesabu zimemshinda mtoto. Mzazi mmoja atasoma kwamba mwanawe ana wazimu. Mwingine, mwenye kusikia ubwenge ndani yake, atasoma kwamba hajui kukaa na watu. Ikiwa ni hesabu, na ziandikwe hesabu.