Enoksaparini

Enoksaparini (kwa kirefu enoksaparini sodiamu) ni dawa ya sindano inayozuia damu kuganda ndani ya mishipa. Huuzwa kwa majina ya kibiashara kama vile Clexane na Lovenox. Ni mojawapo ya heparini za molekuli ndogo, na hutumika kukinga na kutibu mabonge ya damu katika miguu na mapafu, pamoja na aina fulani za mshtuko wa moyo. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Wagonjwa wengi huiita dawa ya "kuyeyusha damu", lakini jina hilo linapotosha. Enoksaparini haifanyi damu kuwa nyepesi, wala haiyeyushi bonge lililokwisha kuganda. Huisaidia protini ya mwili iitwayo antithrombini kuzima kipengele cha kugandisha damu kinachoitwa Xa, hivyo bonge haliendelei kukua, na mwili wenyewe huliondoa polepole kwa wiki au miezi. Kwa sababu hiyo mgonjwa anayeacha sindano mara tu uvimbe wa mguu unapopungua hajapona: bonge bado lipo, na kipande chake kikikatika kinaweza kusafiri hadi kwenye mapafu na kuua.

Asili

Heparini ya kawaida iligunduliwa mwaka 1916 katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, na mwanafunzi wa udaktari Jay McLean aliyefanya kazi katika maabara ya William Henry Howell. Jina lake linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "ini", kiungo ambamo dutu hiyo ilipatikana kwanza. Katika miaka ya 1930 watafiti wa Toronto, akiwemo Charles Best aliyejulikana kwa insulini, na Erik Jorpes wa Stockholm waliwezesha kupatikana kwa heparini safi ya kutosha kutumiwa kwa binadamu.

Enoksaparini hupatikana kwa kuzikatakata molekuli ndefu za heparini kwa njia ya kemia. Ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1987, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1993. Tofauti na heparini ya kawaida, ambayo kwa matibabu mara nyingi hutolewa kwa dripu na kupimwa damu mara kwa mara, hii hudungwa chini ya ngozi mara moja au mbili kwa siku, na mgonjwa anaweza kujidunga mwenyewe nyumbani. Urahisi huo ndio uliohamisha sehemu kubwa ya usalama wake kutoka kwa muuguzi kwenda kwa mgonjwa na jamaa zake.

Malighafi yake ni utando wa utumbo wa nguruwe. Jambo hili huwagusa Waislamu, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa kabla ya kuanza dawa. Wanazuoni wengi huruhusu dawa ya namna hii kwa hoja ya dharura pale isipopatikana nyingine ya kufaa. Wengine hutaja hoja ya istihala, yaani kitu kubadilika kabisa kutoka asili yake. Dawa iitwayo fondaparinuksi hutengenezwa bila kutumia mnyama, na kwa baadhi ya wagonjwa inaweza kuchukua nafasi yake. La hatari ni mgonjwa kusikia habari hiyo mtaani na kuacha sindano kimyakimya.

Kipimo

Kipimo hupangwa na daktari, na hutofautiana sana kulingana na lengo. Kwa kukinga mgonjwa aliyelazwa au aliyefanyiwa upasuaji, mara nyingi mtu mzima hupewa miligramu 40 mara moja kwa siku. Kwa kutibu bonge lililopo, kipimo cha kawaida ni miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 12. Hivyo mtu wa kilo 70 anahitaji miligramu 70 kila mara, na kumpa 40 kwa sababu ndizo zilizopo dukani ni kumwacha bila tiba. Uzito lazima upimwe kwa mizani, si kukadiriwa kwa macho.

Kipimo husomwa kwa miligramu, si kwa mililita. Mabomba mengi yana miligramu 100 katika kila mililita, lakini yapo yenye 150, hivyo ujazo uleule unaweza kubeba dawa zaidi kwa nusu. Pia enoksaparini haibadilishwi na heparini nyingine kwa kulinganisha namba tu.

Figo ndizo zinazoitoa dawa hii mwilini. Zikiwa dhaifu sana, dawa hulimbikizana na mgonjwa huanza kutoka damu ingawa anapewa kipimo cha kawaida. Kwa hiyo matibabu hupunguzwa hadi miligramu 1 kwa kilo mara moja tu kwa siku. Wazee wenye miili midogo hustahili uangalifu wa pekee, kwa kuwa figo zao zinaweza kuwa zimechoka bila dalili yoyote.

Ujauzito

Enoksaparini haipiti kondo la nyuma, hivyo hutumika kwa wajawazito badala ya wafarini, ambayo inaweza kulemaza mtoto tumboni hasa katika miezi ya kwanza. Kundi gumu kuliko yote ni wanawake waliowekewa vali ya bandia ya chuma moyoni, mara nyingi kwa sababu ya homa ya baridi yabisi ya utotoni, ugonjwa ambao bado unasumbua Afrika Mashariki. Kwao dawa ikipungua kidogo vali inaweza kuziba, na kipimo cha damu kinachohitajika kuwafuatilia hakipatikani kila hospitali. Mwanamke wa namna hii anapaswa kumwona daktari wa moyo kabla ya kushika mimba, si baada ya kukosa hedhi.

Uchungu ukianza, sindano husimamishwa. Ganzi ya mgongoni haitolewi mpaka zipite angalau saa 12 tangu kipimo cha kinga, au saa 24 tangu kipimo cha matibabu, kwa kuwa damu ikivujia kwenye uti wa mgongo inaweza kumpoozesha mtu.

Namna ya kudunga

Sindano hudungwa kwenye mafuta ya tumbo, kushoto au kulia, angalau sentimita 5 kutoka kitovuni, mgonjwa akiwa amelala au ameketi kwa kujiegemeza. Upande hubadilishwa kila mara. Ngozi hufinywa kwa vidole viwili, sindano huingizwa yote ikiwa wima, dawa husukumwa taratibu, na ngozi huachiwa baada ya sindano kutoka. Kiputo cha hewa kilichomo katika bomba lililojazwa kiwandani hakitolewi, kwani husaidia dawa yote kuingia. Ila kama kipimo ni pungufu ya kilichomo, kinachozidi hutolewa kwanza. Mahali palipodungwa hapasuguliwi. Alama ndogo ya bluu ni ya kawaida. Dawa hii haidungwi kamwe kwenye msuli.

Dozi iliyosahaulika hudungwa mara inapokumbukwa, lakini dozi mbili hazidungwi pamoja.

Hatari

Hatari kuu ni kutokwa damu. Huongezeka mtu akimeza aspirini bila kuagizwa na daktari, au dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo hununuliwa dukani kama pipi. Parasetamoli ni salama zaidi. Kinyesi cheusi kama lami, mkojo mwekundu, matapishi yenye damu, kichwa kuuma ghafla kwa ukali, au kuanguka na kugonga kichwa ni sababu za kwenda hospitali saa hiyohiyo. Dawa ya protamini hupunguza nguvu ya enoksaparini, lakini haiifuti kabisa.

Mara chache mwili hushambulia chembe sahani za damu, kwa kawaida kati ya siku ya 5 na ya 10. Hapo, kinyume na matarajio, mabonge mapya hutokea. Mtu aliyewahi kupatwa na hali hiyo anapaswa kumwambia kila daktari anayemtibu.

Dawa hutunzwa chini ya nyuzi 25 za Selsiasi na haigandishwi kwenye friza. Mabomba yaliyotumika hutiwa kwenye kopo gumu lenye kifuniko, mbali na watoto, na kurudishwa kituo cha afya.